Punje za Yungiyungi na Siku Ishirini na Moja

Jumatano, 3 Januari 2018

Ofisi imefunguliwa leo. Joto. Katoni arobaini za makhana zilizofika kabla ya Krismasi zimepangwa ukutani nyuma ya kiti changu, na siku nzima nimefanya kazi kama mtu anayechunguliwa mgongoni.

Niandike makhana ni nini, maana mama aliponipigia kutoka Meru akaniuliza tunauza nini huku Midrand, nilishindwa kumweleza. Ni mbegu za yungiyungi la majini. Huko India watu huzizoa kwenye tope chini ya mabwawa, huzikausha, kisha huzitia moto mpaka zipasuke na kuwa nyeupe na nyepesi kama bisi, ila za mviringo. Waingereza huziita karanga za mbweha. Si karanga, na mbweha hahusiki.

Msimamizi wangu, Bi. Naicker, anataka ziuzwe kwenye saluni na makanisa ya wahamiaji wa Kiafrika, upande wa kusini wa jiji. "Wewe si unaishi na Wakongo?" aliniuliza. "Niandikie karatasi moja ya Kiswahili. Faida za kiafya. Ukurasa mmoja, sharp?" Nikasema sawa. Bi. Naicker sijawahi kumjibu neno jingine. Kibali changu cha kazi kinaisha tarehe 31 Machi, na barua ya kukihuisha lazima aitie sahihi yeye.

Ijumaa, 5 Januari

Karatasi imekwisha. Nimeiandika mara tano. Nilisoma kila nilichoweza kupata, na pale wasomi waliposema "huenda" nami niliandika "huenda". Kwamba hazina mafuta mengi mtu asipozikaanga kwa mafuta. Kwamba zina protini kiasi, na madini ya magnesi. Kwamba zisipotiwa chumvi ni vitafunio vizuri kwa mwenye presha kuliko chipsi za pakiti. Kwamba hushibisha. Kwamba huenda hazipandishi sukari ya damu haraka kama mkate mweupe au biskuti, kwa hiyo mwenye kisukari anaweza kutafuna konzi moja bila hofu kubwa.

Chini kabisa niliweka mistari miwili: Hiki ni chakula, si dawa. Usiache vidonge vyako, na ukiwa na swali muulize nesi.

Bi. Naicker hajui Kiswahili, lakini aliona mistari imemwagikia ukurasa wa pili. Akauliza hiyo inasema nini. Nikamweleza. "Kawira, maonyo hayasomwi na mtu. Ukurasa mmoja." Nikaifuta mistari, na pale kwenye "huenda" nikafuta pia, ili herufi ziwe kubwa kidogo.

Nakala mia mbili.

Jumapili, 7 Januari

Kanisa letu liko Jeppestown, katika karakana ya zamani ya milango ya chuma, yenye paa la bati. Leo Pasta Gaston ametangaza mfungo wa mwaka mpya: siku ishirini na moja, kuanzia kesho mpaka Jumapili ya tarehe 28, bila chakula wala maji toka alfajiri hadi jua kuzama.

Mama Célestine alikuwa wa kwanza kusimama. Ndiye mwenye nyumba ninayokaa hapa La Rochelle. Chumba changu kiko uani, nyuma ya cherehani zake. Alitoka Bukavu miaka kumi na sita iliyopita. Binti yake Murielle alibaki kule, na sasa ana mimba ya miezi sita. Mimba mbili za kwanza zilitoka mwezi wa saba. Mama Célestine ameweka nadhiri mbele ya kanisa zima kwamba atafunga zote ishirini na moja bila kukosa hata moja, ili mtoto huyu apite mwezi wa saba.

Mama Célestine ana kisukari.

Desemba nilimsindikiza kliniki kuwa mkalimani, kwa sababu sista, yaani nesi wa pale, husema Kiingereza na Kizulu. Sista aliongeza vidonge, viwili kila asubuhi. Akasema: akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, sukari imeshuka; mpe kitu kitamu hapohapo, usifikiri. Nilitafsiri neno kwa neno. Kisha nikamwuliza Mama kwa sauti ya chini, je, nimwulize kuhusu mfungo wa Januari?

"Hiyo usimuulize," alisema. "Akisema apana, mi nitafanya namna gani?"

Ni mtu mzima, ana umri wa mama yangu. Sikuuliza.

Jumatatu, 8 Januari

Siku ya kwanza. Alimeza vidonge vyake saa kumi na moja alfajiri, akala uji, akashona mpaka magharibi. Mzima.

Jumanne, 9 Januari

Mzima. Mimi ndiye niliyeshindwa kula mchana.

Alhamisi, 11 Januari

Saa nane mchana alinipigia simu kazini kuniuliza mkasi uko wapi. Ulikuwa mkononi mwake; niliusikia ukikata. Mawingu yalikusanyika jioni, hayakunyesha.

Ijumaa, 12 Januari

Nilimkuta Bi. Naicker jikoni mwa ofisi akikaanga makhana kwa samli kidogo. Akaniambia leo amefunga. Nilidhani nimesikia vibaya. "Mama yangu Durban siku za kufunga hali mchele wala mkate," alisema. "Hizi anakula. Ni chakula safi. Hazivunji mfungo."

Nilisimama na kikombe changu kama mtu aliyeonyeshwa mlango ukutani. Watu wengine duniani wanafunga huku wanakula, na Mungu wao anawahesabia.

Nimebeba pakiti sita nyumbani.

Jumamosi, 13 Januari

Mama Célestine alicheka mpaka akashika meza. "Kufunga gani na mudomo unatafuna? Kawira, sasa hiyo iko kufunga ama iko harusi?"

Lakini alipoona sicheki, aliichukua karatasi yangu akaisoma taratibu, kidole chini ya mstari. Mchana tukaenda wote kwa Pasta Gaston. Sijui nilipata wapi ulimi. Nilimwambia hakika hiki ni chakula cha watu wanaofunga, nikamwambia kuhusu mama wa Durban, nikampa karatasi. Pasta ni mpole na haamui upesi. Alifumba macho. Kisha akasema wagonjwa watakula konzi moja saa sita mchana, ndani ya kanisa, mbele ya madhabahu, na siku yao itahesabiwa nzima.

Mama Jeannine, kiongozi wa maombi ya akina mama, hakupenda. "Sasa Wahindi njo banatufundisha kuomba? Na huyu mademoiselle wa biro njo nabii wao?" Mademoiselle wa biro ni mimi, binti wa ofisini, na "njo" yao ni "ndio" yetu. Lakini neno la Pasta ni neno la Pasta. Karatasi yangu imebandikwa mlangoni kwa plasta.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni mara ya kwanza tangu Krismasi.

Jumatano, 17 Januari

Siku ya kumi. Konzi saa sita. Mzima.

Ijumaa, 19 Januari

Akina mama saba sasa wanakula konzi, si mmoja. Nimeambiwa Mama Jeannine pia. Anakula amegeukia ukuta.

Jumatatu, 22 Januari

Kuna kitu nimekiona nisichokipenda. Mama Célestine alipokuwa anaogopa, alikula vizuri alfajiri. Tangu apate makhana ameacha ule uji. "Saa sita nitakula bintu byako," anasema, yaani makhana, "iko na nguvu, umeandika mwenyewe." Vidonge anameza vilevile viwili, tumboni hamna kitu.

Nilisema, "Mama, uji usiuache."

"Umekuwa sista sasa?"

Nikaenda zangu kazini. Joto limezidi. Kila alasiri mawingu yanapanda meusi upande wa mashariki, radi inapiga mbali, halafu yanatawanyika.

Alhamisi, 25 Januari

Siku ya kumi na nane. Murielle ameingia mwezi wa saba. Mama ameandika tarehe ukutani kwa chaki ya kushonea.

Jumapili, 28 Januari, asubuhi

Jana usiku sikuandika kitu.

Jana ilikuwa siku ya ishirini. Tuliingia kanisani saa nne asubuhi, watu kama sitini, madirisha wazi na hewa hakuna. Bati lilikuwa linalia kwa joto. Mama Célestine alikaa safu ya pili karibu na mimi, amevaa kitenge cha bluu. Alikuwa ameamka akameza vidonge tu, kwa maji kidogo. Saa sita tulikuwa bado kwenye maombi. Pasta alisema wagonjwa wasubiri tumalize zamu hiyo.

Saa sita na nusu nikasikia benchi linatikisika. Nilidhani ni watu wanaoomba kwa nguvu. Nikatazama chini nikaona ni goti lake. Kitenge chote mgongoni kilikuwa kimelowa, nami nilipomgusa mkono ulikuwa baridi, katika joto lile. Alinigeukia akasema, "Murielle, funga mulango, mbuzi bataingia." Macho yalikuwa yananitazama na hayanioni.

Nikasema, "Mama anaumwa." Nilisema polepole. Sauti yangu huwa inatoka polepole.

Mama Jeannine aliwahi kabla yangu. Sitaki kumsingizia: alikuja mbio, alimshika kwa upendo. Alifungua kopo, akaanza kumtia punje za makhana mdomoni, moja moja, akisema, "Tafuna, dada yangu, tafuna." Punje zikawa zinamtoka pembeni mwa midomo, nyeupe, kavu.

Nikasema, "Anahitaji sukari. Soda. Kitu kitamu."

Mama Jeannine aligeuka. "Sukari? Kwa mutu wa sukari? Unataka kumuua?"

"Sukari yake imeshuka, mama. Hizo haziwezi. Zinapandisha polepole mno."

"Karatasi inasema hii njo ya batu ba sukari! Njo wewe uliandika! Iko pale ku mulango!" Na watu wote wakageuka kutazama mlango, na mimi nikageuka nao, nikaiona karatasi yangu na herufi zake kubwa. Zinafaa kwa mwenye kisukari. Hazipandishi sukari haraka. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa limesimama kati yangu na mdomo wake.

Nilikimbia. Spaza, kile kiduka cha mtaani, iko ng'ambo ya barabara. Nilifungua friji, nikachukua Fanta, nikarudi huku mwenye duka akipiga kelele nyuma yangu. Nilipofika Mama Jeannine alikuwa amemkumbatia, ameweka kiganja juu ya mdomo wake. "Imebaki siku moja," alisema, na alikuwa analia. "Kesho anamaliza. Munamuvunjia nadhiri ya mutoto. Mumuache amalize."

Nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele tangu nizaliwe. Hata nilipoibiwa simu pale stendi ya Noord sikupiga. Nilisema, "Karatasi ina makosa! Niliyeandika ni mimi, na nimekosea! Sista alisema kitu kitamu hapohapo, nilimsikia kwa masikio yangu, na sikuliandika neno hilo. Toa mkono!"

Pasta Gaston alinitazama, akatazama mlango, akamtazama Mama Célestine ambaye kichwa chake kilikuwa kimeanza kulegea. Akasema, "Mama Jeannine. Toa mkono."

Tulimwinua akae. Alikuwa bado anaweza kumeza. Nilimpa kidogokidogo, kifuniko baada ya kifuniko, kama ndege. Ya kwanza ilimwagika. Ya tatu aliimeza. Nilihesabu bila kujua nahesabu nini. Pasta alikuwa ameshapiga simu ya gari la wagonjwa. Chupa ilipofika nusu goti liliacha kutikisika. Baada ya kama dakika kumi alinyoosha mkono akajipangusa kidevu, akautazama mkono.

"Hii ni Fanta," alisema.

Akageukia dirisha.

"Jua liko wapi?"

Mama Jeannine alisema, "Bado, dada. Bado liko juu."

Hapo akalia. Hakulia kwa sauti. Alivuta kitenge usoni akakaa hivyo. Ndipo mvua ikaja, mvua ya mawe, ikapiga lile bati mpaka hatukusikia king'ora cha gari la wagonjwa lilipofika.

Kliniki walimpima, wakampa chakula, wakamkalisha mpaka saa kumi na moja. Sista akaniuliza, "Alikuwa amekula nini?" Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Na hukuniuliza."

Leo kanisa linafungua mfungo. Mama Célestine hakwenda. Mlango wake umefungwa.

Alhamisi, 1 Februari

Hasemi nami. Asubuhi namsalimu, "Shikamoo, Mama," anakanyaga tu cherehani.

Jumapili, 4 Februari

Hasemi. Mvua kila siku sasa.

Ijumaa, 9 Februari

Leo alisema na mteja, mimi nikiwa nimesimama hapo: "Mi nilitoa siku kumi na tisa na nusu. Mungu apokee nusu?" Mteja alidhani ni mambo ya nguo.

Tarehe iliyo ukutani ameizungushia chaki tena. Kila jioni anampigia Murielle, anauliza jambo moja tu, kama mtoto amecheza. Nikiwa uani nasikia pumzi yake akisubiri jibu.

Jumatano, 14 Februari

Mama Jeannine amekuja uani. Nilidhani amekuja kunitukana, nikasimama kama mwanafunzi. Akatoa mkobani kichupa cha vidonge vya presha. Kilikuwa kimejaa.

"Tangu tarehe kumi na tano ya Januari," alisema. "Nilikula bintu byako. Uliandika ni nzuri kwa presha."

"Niliandika ni nzuri kuliko chipsi, mama."

"Eh. Mi nilisoma nzuri." Alikaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa. "Kichwa kinaniuma sana, Kawira." Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Tulikwenda kliniki pamoja. Kipimo kilikuwa kibaya. Ameanza tena vidonge.

Nimewaza njia yote ya kurudi kuhusu nakala mia mbili. Moja iko mlangoni Jeppestown. Nyingine ziko wapi?

Alhamisi, 15 Februari

Nilikwenda mpaka mlango wa Bi. Naicker mara tatu.

Ijumaa, 16 Februari

Nimeingia. Niliweka mbele yake karatasi mpya, kurasa mbili. Juu kabisa, kabla ya faida yoyote, kuna mistari minne: Hiki ni chakula, si dawa. Usiache vidonge. Ukiwa na kisukari usifunge bila kumwuliza nesi. Mtu wa kisukari akitetemeka na kutoka jasho la baridi, hizi hazitamsaidia. Mpe soda au sukari hapohapo. Chini yake nimerudisha kila "huenda".

Nilimsimulia. Nilisema maneno niliyokuwa nimeyapanga kwenye teksi, na kwenye kila robot, taa za barabarani, nilikuwa nimeyarudia: kwamba zile nakala lazima zirudishwe, na kwamba kama hataki nitazunguka mwenyewe nikizibandua, hata kama hatatia sahihi barua yangu.

Alichukua punje moja kutoka bakuli la mezani, akaigeuza, hakuila.

"Nani aliondoa ile mistari?" aliuliza.

"Ulisema ukurasa mmoja."

"Nani aliiondoa?"

"Mimi."

"Basi tuko wawili," alisema. Kisha, "Eish, Kawira. Mbona hukunibishia?"

Nilitazama ile punje mkononi mwake. Akaniambia nichukue orodha ya maduka na dereva, siku mbili. Kuhusu barua hakusema kitu, nami sikuuliza. Nilitoka nikagundua nimebeba bakuli lake.

Jumanne, 20 Februari

Saluni kumi na moja, makanisa manne, duka moja la dawa za mitishamba Rosettenville ambalo lilikuwa limeiwekea karatasi yangu fremu. Zimepatikana mia na arobaini na nane.

Jumapili, 25 Februari

Pasta Gaston alinipa dakika tano niisome karatasi mpya madhabahuni. Sauti ilisikika mpaka nyuma. Akina mama wanne walikuja baadaye kuniuliza mambo ya vidonge vyao, na wote niliwajibu, "Sijui, tumuulize sista."

Mama Célestine alikuwa safu ya nyuma. Aliondoka kabla ya sadaka.

Jumatano, 7 Machi

Murielle amevuka mwezi wa saba. Nimejua kwa sababu tarehe ya ukutani imefutwa kwa kitambaa chenye maji.

Alhamisi, 15 Machi

Barua imetiwa sahihi. Bi. Naicker aliiacha juu ya kibodi yangu. Juu ya barua aliweka pakiti ya makhana, zisizo na chumvi.

Jumatatu, 19 Machi

Asubuhi nilipotoka uani Mama Célestine alikuwa amesimama mlangoni amevaa viatu vya kutokea.

"Leo hauendi ku kazi," alisema. "Unanipeleka kliniki."

Maneno ya kwanza baada ya siku hamsini. Nikapiga simu ofisini.

Kwenye foleni tulikaa bega kwa bega. Alitoa pakiti mkobani, akala punje mbili, akanipa mbili. "Tamu hazina," alisema, "lakini zinapitisha wakati." Kisha akaniambia ya Bukavu: Murielle anakaribia kujifungua, daktari amesema mtoto amekaa vibaya, na huenda akapasuliwa Alhamisi. Aliposema "akapasuliwa" alishika kitenge changu, si chake.

Tulipoingia, sista alimpima, akaandika, akauliza kama kuna jambo jingine. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hakuna.

"Muulize," Mama Célestine alisema.

"Nimuulize nini, Mama?"

"Ile ya kufunga. Nataka kufunga siku tatu, ju ya Murielle. Muulize kama inawezekana."

Nikauliza. Nilitafsiri kila neno, hata yale ya Murielle na mtoto aliyekaa vibaya, maana bila hayo swali lisingeeleweka. Sista aliweka kalamu chini. Alisema hapana, kwa vidonge hivi na kwa yaliyotokea Januari, hapana. Alisema ale asubuhi, mchana na jioni, saa zilezile, hasa siku ambazo moyo una wasiwasi. Nikatafsiri hilo nalo.

Mama Célestine alianza kufunga mkoba wake.

"Sawa," alisema. "Amesema apana. Mi naye nimesikia."

Njiani kurudi alimpigia Mama Jeannine. Walizungumza kwa haraka, kidogo Kifaransa. Alipokata simu akanieleza kama mtu anayepanga zamu za kazi: Jeannine naye ana vidonge, kwa hiyo hafungi, lakini dada yake Jeannine hana ugonjwa, atafunga Jumanne, mke wa Pasta, Jumatano. "Na Alhamisi?" aliuliza, akinitazama.

"Alhamisi nitafunga mimi," nikasema.

"Wewe? Hivyo ulivyo mwembamba? Kula alfajiri basi. Usiniletee Fanta nyingine."

Alhamisi, 22 Machi

Niliamka saa kumi nikala, kama alivyoniagiza. Saa moja asubuhi mvua nyembamba ilikuwa inanyesha; mvua za mwisho, nadhani, jioni zimeanza kuwa na baridi. Alinigongea.

"Ingia. Ukae. Usile, lakini ukae."

Mezani kulikuwa na bakuli la uji, vidonge viwili, na simu imelazwa kioo juu. Bukavu walikuwa wamempeleka Murielle chumba cha upasuaji tangu alfajiri. Hakuna aliyekuwa amepiga.

Mama Célestine alifunga kitambaa kichwani kama anavyofanya akiingia kanisani. Aliinamisha uso juu ya bakuli, akaomba kwa sauti ya chini, majina mawili, la Murielle na la mtoto ambaye bado hana jina. Kisha akashika kijiko. Uji haukutaka kupita. Akameza. Akachukua kijiko kingine, taratibu, macho kwenye simu, kama mtu anayetimiza nadhiri.

Nilikaa na njaa yangu mbele yake mpaka akamaliza bakuli lote.